Kiolezo cha Kupima Uhimilivu wa Deni: Kizuri, Ila Kikaguliwe Makisio Yake

Kiolezo (faili la Excel) cha kupima uhimilivu wa deni, yaani uwezo wa kulilipa bila kukwama, la nchi zenye kipato cha chini, kilichoanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia mwaka 2005 na ambacho toleo lake la sasa lilianza kutumika mwaka 2018, hupatikana bure, na anayeijua Excel vizuri anaweza kuingiza takwimu na kupata makadirio ya miaka 20.

Ubora wake ni kwamba hakiishii kwenye ukubwa wa deni. Hupima thamani yake ya sasa, yaani malipo yote ya baadaye yakipunguzwa kwa asilimia 5 kwa kila mwaka wa kusubiri, hivyo nchi iliyokopa kwa masharti nafuu hutofautishwa na ile iliyokopa kiasi hicho hicho kibiashara. Msomaji aanzie kwenye uwiano wa malipo ya deni la nje na mapato ya serikali, ambao ukomo wake ni asilimia 14, 18 au 23 kulingana na uwezo wa nchi kuhimili deni. Nauona huu ndio uwiano wa kweli kuliko yote, kwa sababu mdai hulipwa kwa kodi iliyokwisha kukusanywa, wala halipwi kwa Pato la Taifa.

Panaponitia wasiwasi ni kwenye makisio ya ukuaji wa uchumi. Chukua deni la asilimia 60 ya Pato la Taifa na riba halisi (baada ya kuondoa mfumuko wa bei) ya asilimia 5: uchumi ukikua kwa asilimia 4, ziada ya bajeti kabla ya riba inayohitajika ili deni lisipande ni takriban asilimia 0.6 ya pato hilo. Ukikua kwa asilimia 3, inakaribia 1.2. Tofauti ya asilimia moja tu ya ukuaji imeongeza mzigo maradufu! Kwa bahati nzuri, chati huonyesha pia mwenendo unaotokana na wastani wa miaka 10 iliyopita, na mstari huo wa deni ukiwa juu mno ya ule wa makadirio, huenda makadirio hayo yana matumaini kupita kiasi.

Kuhusu madeni yaliyofichwa, kama mikopo ya Msumbiji ya zaidi ya dola bilioni 1 iliyofichuka mwaka 2016, kiolezo hakina dawa. Kuna jaribio linaloongeza deni la mashirika ya umma kwa asilimia 2 ya Pato la Taifa, kiwango ninachokiona kidogo mno pale ambapo serikali hutoa dhamana bila kuzitangaza.

Nakipendekeza kwa wabunge na waandishi wa habari za uchumi, na ningependa wizara za fedha zichapishe kiolezo kilichojazwa, pamoja na makisio yake yote, bajeti inapowasilishwa bungeni.