Uzoefu wangu na mwongozaji aliyeninyang'anya fimbo ya kuvulia

Nilimlipa mwongozaji wa uvuvi anifundishe kumvua besi mwenye mdomo mkubwa, samaki mwindaji wa maji baridi, nikarudi na hasira ambayo hadi sasa, wiki kadhaa baadaye, haijatulia. Mashua na vifaa vyake sitavieleza, kwa kuwa havikuwa na kasoro yoyote.

Ni haki niseme kwanza kwamba mtu huyu anaijua kazi yake. Saa mbili za mwanzo alinifundisha kutumia mnyoo wa plastiki: chubwi (uzito wa kuzamisha chambo) lenye umbo la risasi ya bunduki hutangulia kwenye mshipi, kisha ndoana hupitishwa kichwani mwa mnyoo na ncha yake kufichwa mwilini, ili chambo kipenye katikati ya magugu na magogo yaliyozama bila kukwama. Alinieleza kuwa besi hufungua kinywa ghafla na kulifyonza windo pamoja na maji, na akihisi kitu kigeni hulitema mara moja. Kwa hiyo jicho lisibanduke kwenye mshipi, maana mara nyingi mkono hauhisi chochote, bali mshipi huanza kwenda upande polepole, au hulegea kabla chambo hakijafika chini. Hapo mvuvi huinamisha fimbo, hukusanya mshipi uliolegea, kisha huinua fimbo kwa nguvu. Kwa njia hiyo nilipata wawili wadogo, na kama tungeishia hapo ningemsifu bila kubakiza neno.

Tukahamia kwenye yungiyungi. Alinifungia chura bandia kwa mshipi wa kusokotwa usiovutika. Chura mwenyewe ana mwili mtupu unaobonyea samaki anapouma, na ndoana mbili zilizolala mgongoni zisinase majani. Akanionya kwa kinywa chake mwenyewe: maji yakipasuka, usivute, subiri mpaka uhisi uzito, kwa sababu besi anayerukia kitu juu ya majani hukosa shabaha mara nyingi, na ukiharakisha unamtoa chambo kinywani.

Nikalishika neno hilo. Nilimwendesha chura kwa kumtikisa kidogo kidogo, nikamwacha atulie penye uwazi baina ya majani, na maji yakapasuka kwa kishindo kilichonishtua hadi magotini. Nikasubiri kama nilivyoagizwa. Mara huyu bwana akaruka kutoka nyuma yangu, akaipokonya fimbo huku akifoka, "Unalala? Lete hapa!", akavuta kwa nguvu zake zote, na chura akapita juu ya vichwa vyetu bila samaki. Besi hakurudi. Ndipo akanigeukia na kuniambia kwamba watu wa aina yangu wangebaki sokoni wakinunua samaki.

Nilimlipa anifundishe kusubiri, na yeye mwenyewe akashindwa kusubiri sekunde mbili! Lawama akanibebesha mimi, mbele ya msaidizi wake, na njia nzima ya kurudi hakusema lolote. Samaki yule alikuwa wangu kumpata au kumkosa.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asimkaribie. Lakini siku chache baadaye nilikwenda peke yangu na mnyoo uleule, nikauona mshipi ukitambaa kando ya gogo, nikafanya kila alichonifundisha, nikampata besi mzito kuliko wote niliowahi kuwavua. Nilimshika taya la chini kwa kidole gumba na kumkinga tumbo kwa mkono wa pili, kwa kuwa samaki mzito akining'inizwa kwa taya peke yake huweza kuumia, kisha nikamrudisha majini. Hilo nalo nilijifunza kwake. Basi siwezi kudai kwamba fedha zangu zilipotea, na bado kila ninapoandika sentensi ya kumsifu naisikia ile "Lete hapa!" na kutamani kuifuta.

Amenitumia ujumbe akinialika kwa nusu siku nyingine bila malipo. Hakuna neno la kuomba radhi ndani yake, nami sijamjibu.