Sindano za Kichina: qi au umeme wa mwili?

Umelala kifudifudi, sindano nyembamba inazama, unasikia kitu kizito kinavuta, Wachina wanaiita deqi. Daktari wa kizamani atakwambia qi, yaani nguvu ya uhai, iliziba kwenye meridiani, njia zake mwilini, stori tamu na unaielewa fasta, ila hiyo qi hakuna aliyewahi kuipima. Upande wa pili mtafiti Han Jisheng kule Beijing alipitisha umeme kwenye sindano, 2 Hz (mapigo mawili kwa sekunde) mwili unatoa enkefalini, 100 Hz dainofini, zote dawa za maumivu za mwili wenyewe, hapo kuna cha kupima. Lakini sasa utafiti wa Ujerumani 2007, wagonjwa wa mgongo, waliopata nafuu kwa sindano za kweli 48%, za kuigiza 44%, tiba ya kawaida 27%, yaani za kuigiza karibu sawa na za kweli, we fikiria! Mi naenda na umeme, ila wakianza kumwambia mgonjwa eti qi ni fizikia ya kwanta, hapo anauziwa mbuzi kwenye gunia.