Kupandikizwa ufizi: kaakaa ndilo lililouma

Jino langu la chonge la chini lilikuwa limeachwa mzizi wazi, maji ya baridi yakigusa tu nashtuka. Daktari alichukua kipande chembamba cha nyama ya ndani kwenye kaakaa, akakipachika juu ya mzizi, akauvuta ufizi kukifunika na kushona. Ganzi ilishika vizuri, nilisikia kuvutwavutwa tu. Baadaye kaakaa liliuma kuliko ufizi wenyewe. Ombeni kifuniko cha plastiki cha kukinga kidonda, kinasaidia mno hata kunywa uji. Kupiga mswaki pale marufuku, nilisukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni. Mapokezi wanachelewesha wagonjwa, kwa kweli inakera. Ila daktari mwenyewe ana mkono mwepesi, na kwanza alinifundisha kupiga mswaki taratibu, maana kusugua kwa nguvu nako hushusha fizi. Mzizi sasa umefunikwa.