Dawa ya dizeli kwenye Hiace yangu: nilivyoiona baada ya miezi minne

Nina Hiace ya injini ya 3L, inapakia abiria Chake Chake na Konde, huku Pemba. Mwaka jana ilianza kutoa moshi mweusi kila ikipanda kilima na watu wamejaa. Dizeli ilikuwa inakwisha haraka, lakini kilichoniuma khasa ni pale kituoni: nikiwasha gari, kina mama wanawafunika watoto uso kwa kanga.

Nikanunua dawa ya dizeli, chupa shilingi 18,000, ya lita 60 za mafuta. Siku ya tatu gari ikaanza kukohoa, ikanizimikia kilimani. Fundi alifungua filta akaikuta nyeusi kama lami. Dawa hizi zina kisafishio kinacholegeza uchafu, na uchafu ukishalegea unakwenda kuganda kwenye filta. Akafungua koki ya chini, akakinga gilasi. Dizeli ikakaa juu, chini yake maji ya vidole viwili, na tope.

"Ami, kwa hali hii hata utie chupa kumi," akaniambia.

Maji yenyewe tunayatia wenyewe. Tangi likilala nusu, unyevunyevu wa hewa yetu hugeuka matone humo ndani. Na mimi nilikuwa na mazoea ya kununua dizeli ya madumu.

Tukamwaga maji ya tangini, tukatia filta mpya ya dizeli na ya hewa. Kuanzia hapo najaza mpaka shingoni na kuandika kilomita kwenye daftari. Zamani lita 40 zilinipeleka kilomita 344. Kwa filta mpya bila dawa, 371. Nilipotia dawa tena, wastani wa matangi matatu ukawa 378. Kwa chupa nzima nimeokoa kama lita moja hivi, na kwa bei za dizeli zinazotangazwa na ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia bei za mafuta, lita moja hairudishi 18,000.

Hata hivyo sisemi haifai. Asubuhi gari inawaka mara moja, na ule mgongano wa injini ikiwa baridi umepungua. Dawa hii inapandisha namba ya seteni, yaani dizeli inawahi kushika moto. Nilifunga kitambaa cheupe kwenye egzosi kwa dakika moja, injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Kabla ya matengenezo kilitoka na duara jeusi la masizi, sasa ni kijivu cha mbali. Gesi hazionekani kwa kitambaa, najua, lakini kina mama hawafuniki watoto tena.

Ikiwa gari yako inatoa moshi, anza na filta na maji. Mimi sasa natia chupa moja kila miezi minne, wiki moja kabla ya kubadilisha filta. Naimimina kwanza tangi likiwa karibu tupu, ndipo naongeza dizeli juu yake ili ichanganyike vizuri, na sizidishi kipimo kilichoandikwa.