Uzoefu wangu na albamu nyeusi ya Planxty (1973): usiisikilize kwa spika ya simu

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyoikata nitaieleza huko mbele.

Wapenzi wa muziki wa asili wa Ireland wakishaanza kuitaja "albamu nyeusi", hawanyamaziki. Mgeni akiifuata kwa sifa hizo, mara nyingi anachokuta ni gita, jamaa anayeimba habari za bibi wa nyumba kubwa aliyemkimbia mumewe akafuatana na Wagypsy, na sauti nyembamba kama nyuki aliyekwama dirishani. Anaizima kabla ya wimbo wa tatu. Kosa hapo ni la spika, na kidogo ni la haraka.

Kwanza ujue unachonunua. Jina rasmi la albamu ni Planxty, sawa na jina la kundi. "Nyeusi" ni jina la utani lililotokana na jalada lake. Ilirekodiwa London mwaka 1972 chini ya mtayarishaji Phil Coulter, ikatolewa na Polydor mwaka 1973. Ina vipande 12, sita kila upande wa santuri, vyote pamoja dakika arobaini na kitu. Wapigaji ni wanne: Christy Moore kwa sauti, gita na bodhrán (ngoma ya mkono ya Ireland, yenye ngozi upande mmoja), Andy Irvine kwa mandolini na sauti, Dónal Lunny kwa buzuki, na Liam O'Flynn kwa zumari ya kiriba na filimbi ya bati. Fidla hakuna hata moja. Kama kwako muziki wa Ireland ni fidla, anza na albamu ya kwanza ya The Bothy Band ya mwaka 1975, ambamo Lunny yumo pia, kisha urudi hapa.

Sasa, wanashangilia nini? Kwa maoni yangu ni maungio. Kupiga ubao randa kila seremala anaweza, lakini ukitaka kumjua fundi unapitisha kidole pale mbao mbili zinapokutana. Albamu hii imejaa sehemu za namna hiyo, na ya kwanza inakuja mapema kabisa, kwenye kipande cha kwanza.

The Raggle Taggle Gypsy ni wimbo ambao Moore aliupata kwa John Reilly, mwimbaji wa jamii ya Wasafiri wa Ireland. Unakwenda kwa mapigo manne, beti zinafuatana na gita linasukuma. Ubeti wa mwisho ukiisha, nyuzi hazinyamazi. Zinaendelea kuzunguka, mwendo unalainika, na kabla hujajua umeingia kwenye mapigo matatu na zumari imeshachukua uongozi. Hiyo ni Tabhair dom do lámh, maana yake "nipe mkono wako", lahani ya mpiga kinubi kipofu Ruaidhrí Dall Ó Catháin, ya mwanzoni mwa karne ya 17. Wimbo wa barabarani umekabidhiana na muziki wa ukumbi wa wakubwa, na hakuna aliyesimama kupumua. Ukitaka kupima kama vifaa vyako vinafaa, tumia mpito huu: usikilize mara tatu, kila mara ukifuata chombo kimoja tu, mara ya kwanza gita, ya pili buzuki, ya tatu mandolini. Kama huwezi kuvitenganisha, badilisha spika au tafuta ya masikioni kabla ya kuendelea.

Kuvitenganisha ni muhimu kwa sababu mandolini na buzuki ni vyombo vya ukoo mmoja: vyote vina nyuzi za jozi, vyote vinapigwa kwa kipande kigumu, na sauti zao zinapishana kwa eneo kubwa. Buzuki ni ya Kigiriki. Johnny Moynihan ndiye aliyeiingiza kwenye muziki wa Ireland katikati ya miaka ya 1960. Wairishi huifunga nyuzi kwa G-D-A-D, kwa hiyo nyuzi zilizoachwa wazi zinavuma chini ya lahani badala ya kutoa akodi nzito za kigita. Lunny na Irvine hawapigi kitu kimoja: mmoja anashika lahani, mwingine anajaza mapengo kwa noti za kinyume, kisha wanabadilishana. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi wa huyu unapanda wa yule ukishuka. Kwenye spika moja ndogo michi yote miwili inakuwa kishindo kimoja, na utamu wote umekwisha.

Zumari nayo ina mahitaji yake. Mtu wa pwani anaijua zumari inayopulizwa kwa mdomo, mashavu yakiwa yametuna. Hii ya Ireland, uilleann, haiguswi na mdomo. Mpigaji anakaa kitako, amefunga mivukuto kiunoni, anaikandamiza kwa kiwiko cha kulia, hewa inaingia kwenye kiriba kilicho chini ya mkono wa kushoto, na kutoka humo inagawanywa. Bomba la vidole linabeba lahani na lina oktavo mbili (oktavo ni ngazi ya noti nane). Mabomba matatu ya mvumo yanashikilia noti ya D mfululizo, kila moja kwenye oktavo yake: la juu takriban hezi 294 (mitetemo 294 kwa sekunde), la kati 147, la chini 73. Juu ya hayo kuna mabomba mengine matatu yenye vitufe, ambayo mpigaji anayabonyeza kwa kifundo cha mkono huku vidole vikiendelea na kazi yao. Ile akodi fupi inayotokea ghafla chini ya lahani, kama mtu amekanyaga kinanda kwa bahati mbaya, ndiyo hiyo. Haikuongezwa studio.

Piga hesabu mwenyewe: spika ya simu ya kawaida haitoi hezi 73 kwa namna ya kusikika, na hata hezi 147 inatoka dhaifu. Kwa hiyo msikilizaji wa simu anapata bomba la vidole peke yake, limetengwa na kitanda chake, na ndiyo maana linasikika kama nyuki. Spika za masikioni za bei ya kawaida, za waya, zinatosha kurudisha mvumo wa chini. Usipandishe besi kwenye programu ya simu. Ukipandisha, bodhrán inavimba na kufunika gita, na nyimbo za Moore zinageuka tope.

Kwa vipande visivyo na sauti ya mtu, chukua Junior Crehan's Favourite ikifuatwa na Corney is Coming. Hizi ni riili, mwendo wa haraka wa mapigo manne. Kila lahani ina sehemu mbili za hatua nane, hatua moja ikiwa kundi la mapigo manne. Kwa kawaida ya kwanza inapigwa mara mbili, ya pili mara mbili, jumla hatua 32, halafu mzunguko unaanza upya. Wengi wanalalamika kwamba "wanarudia tu". Wanarudia, ndiyo, ila mapambo yanabadilika. Sikiliza noti ndefu kwenye mzunguko wa kwanza, kisha uitafute noti hiyohiyo kwenye wa pili: mara nyingi imekatwa kwa mguso wa noti ya juu na ya chini, haraka kiasi kwamba sikio linapokea mtetemo, si noti. Kwenye D ya chini kabisa mpigaji hawezi kugusa noti ya chini yake kwa sababu haipo, tundu zote zimeshazibwa. Hapo anachezesha vidole vya juu kwa mfuatano, na inatoka sauti ya kukwaruza kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Ukishaijua sauti hiyo utaitafuta kila wimbo. O'Flynn alifundishwa na mpiga zumari Leo Rowsome, na usafi wake unaonekana hapo zaidi, kwa sababu mapambo hayali muda wa lahani.

Merrily Kissed the Quaker ni jamii ya jigi, na mwenye sikio la chakacha ataipokea bila kufundishwa, maana huhesabiwa kwa makundi ya sita kama chakacha. Planxty Irwin na Sí Bheag, Sí Mhór ni za Turlough O'Carolan (1670–1738), mpiga kinubi aliyepofushwa na ndui akiwa kijana. Neno "planxty" hukutwa kwenye majina ya lahani alizowatungia wafadhili wake, na ndiko kundi lilikopata jina. Sí Bheag, Sí Mhór inahusu vilima viwili, kidogo na kikubwa, vinavyosemwa kuwa makao ya viumbe vya kiasili, tungesema majini. Ni lahani ya taratibu. Isikilize usiku, feni ikiwa imezimwa.

Kati ya nyimbo zenye maneno, tatu ndizo ninazozirudia. Arthur McBride ni ya vijana wawili wanaokutana na sajini anayeandikisha wanajeshi, wanakataa, na ugomvi unazuka. Irvine anaiimba kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za sokoni. Follow Me Up to Carlow inahusu vita vya Glenmalure vya mwaka 1580, ni fupi na inapigwa kwa kasi. Asubuhi ya kazi inafaa kuliko kahawa. The West Coast of Clare, utunzi wa Irvine mwenyewe, ndio wimbo mzuri kuliko yote hapa, na uko pabaya. Nitasema kwa nini.

Kwenye santuri, wimbo huo unafunga upande wa kwanza, maana yake uko karibu na katikati ya sahani. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika popote sindano ilipo, lakini mtaro wa nje unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, na wa ndani kwa chini ya nusu ya hapo. Mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo, na sindano iliyochakaa inayakwaruza. Wimbo wa polepole, wenye ukimya mwingi, ndipo mikwaruzo inaposikika zaidi. Kwa hiyo ukinunua santuri ya mitumba, mwombe muuzaji aiweke moja kwa moja mwisho wa upande wa kwanza. Ikivuka hapo salama, nunua. Jaribio la pili ni mvumo wa zumari: kama tundu la katikati halikukaa sawa, noti ndefu itapanda na kushuka kila baada ya sekunde 1.8, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja. Gita linaweza kuificha kasoro hiyo, zumari haiifichi.

Kwa wanaosikiliza mtandaoni, mambo matatu. Ukiandika "Planxty" peke yake utaletewa lundo la lahani za O'Carolan zilizopigwa na watu wengine. Andika pamoja na jina la wimbo. Herufi za Kiairishi nazo zinasumbua: kama Sí Bheag haitokei, jaribu bila alama za juu, au kwa tahajia ya Sheebeg and Sheemore. Pili, zima mpangilio wa kuunganisha nyimbo kwa kufifisha, na uzime uchezaji wa kubahatisha. Maungio ya wanamuziki yamo ndani ya vipande. Yale ya programu yanakula sekunde za mwisho, mahali ambapo mvumo wa zumari unazimika wenyewe. Tatu, bando: kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde albamu nzima inakula karibu MB 100, kwa kilobiti 96 karibu MB 30. Kwenye ubora wa chini kinachoumia kwanza ni mandolini, ncha za noti zinakuwa na mchanga. Ni bora upakue mara moja kwa ubora wa juu kuliko kuisikiliza mara nne kwa ubora duni, gharama inakaribiana.

Nusu ya nyota niliikata kwa sababu mbili. Baadhi ya vipande vya ala vinaisha mtu ndiyo kwanza anapata joto. O'Flynn alistahili dakika mbili zaidi popote anaposhika uongozi. Na mpangilio wa nyimbo unaweka za polepole na za siasa, kama Only Our Rivers, bila kumpa mgeni hata dokezo la muktadha. Bila kujua kwamba utunzi huo wa Mickey MacConnell unalia juu ya nchi isiyo huru, utaudhania ni wimbo wa mandhari. Soma maneno yake kwanza, dakika tano zinatosha.

Kipande cha mwisho, The Blacksmith, kisikilize mpaka kikome. Wimbo wa mhunzi ukishamalizika, nyuzi zinaingia kwenye kipande cha ala kiitwacho Blacksmithereens, chenye harufu ya Balkani, eneo ambalo Irvine alilizunguka mwishoni mwa miaka ya 1960. Michi ile miwili inatwanga hapo kwa kasi kuliko mahali pengine popote kwenye albamu. Zima uchezaji wa kujiendesha kabla hujafika huko, la sivyo programu itakurushia wimbo wa kundi jingine juu ya noti ya mwisho.