Gari la kukodi lenye mahema juu ya paa: lilivyotufaa katika siku ya matembezi jijini Dodoma

Kampuni zinazokodisha magari yenye mahema juu ya paa huyanadi zaidi kwa watalii wanaokwenda mbugani, na picha za matangazo yao ni za tembo na mibuyu. Sisi tulilikodi Dar es Salaam kwa safari ya familia wakati wa likizo fupi ya Septemba, tukiwa mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, na kwa makusudi kabisa tuliipa Dodoma siku yake kamili, badala ya kuifanya mahali pa kula chakula cha mchana kabla ya kushika barabara ya kaskazini. Nimeona niieleze huduma hiyo kwa kuitazama siku ile, kwa sababu gari la namna hii porini halikosi sifa, ilhali mjini ndiko uwezo na upungufu wake hujulikana upesi.

Tulikabidhiwa Land Cruiser imara yenye matairi mazuri na mahema mawili yanayofunguliwa juu ya paa, pamoja na friji inayotumia betri ya pili, jiko la gesi, tangi la maji, meza na viti vya kukunja. Kijana aliyetukabidhi alitufundisha kufungua na kukunja mahema kwa uvumilivu mkubwa, akamwacha mke wangu afanye mwenyewe hadi mikono ikazoea, na kwa hilo anastahili shukrani. Vyombo vya jikoni vilikuwa safi na kamili, hata mbuzi ya kukunia nazi ilikuwamo.

Jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulijua ni kwamba gari hili ni la kukufikisha mjini, si la kuzungukia mjini. Likiwa na mahema limeinuka juu kiasi cha kuyaogopa mageti na mapaa ya maegesho, na kila unapolihamisha ni lazima uwe umekwisha kukunja kila kitu na kufunga mikanda. Tuliliacha katika uwanja wa nyumba ya wageni kando ya barabara ya Iringa, ambako mwenyeji alituruhusu kulala ndani ya uzio kwa malipo madogo, tukapanda bajaji. Katikati ya Dodoma hapakutawanyika sana, hivyo kwa bajaji na miguu hata mzee anaweza kuona mengi bila kuchoka kupita kiasi.

Tulianzia Nyerere Square, penye sanamu ya Mwalimu, na hapo mama akawasimulia wajukuu jinsi TANU ilivyoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na jinsi watu wa Pwani walivyoiona habari hiyo kuwa ya mbali mno. Bunge lilihamia huku mwaka 1996 na Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, kwa hiyo mtoto wangu wa mwisho hajui kabisa Dodoma isiyo jiji. Jengo la Bunge tulilitazama kwa nje tu. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, ni mkubwa na tulivu, na wanawake waje na mitandio ili wasihangaike mlangoni.

Mahali palipotushika zaidi ni makumbusho ya madini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo wageni wengi huyapita bila kujua kwamba yapo. Yamo ndani ya ofisi ya serikali, kwa hiyo nendeni siku ya kazi, tena asubuhi. Watoto waliokuwa wameanza kulalamika kuhusu jua walinyamaza ghafla mbele ya kabati za mawe, wakitafuta tanzanaiti, madini yaliyogunduliwa Mererani mwaka 1967. Kilichonigusa mimi ni kujua kwamba mawe ya kawaida yanayoonekana kila upande wa Dodoma, yale ambayo watu huyakalia na kuyaponda kokoto, ni ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jioni tulipopanda jabali la Lion Rock, binti yetu alikuwa akiligusa kwa kiganja kila baada ya hatua chache.

Kabla ya hapo tulipita soko la Majengo kutafuta zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yaliyokuwa sokoni, zabibu nyeusi zenye mbegu na ganda gumu kidogo, tamu kuliko zile zinazoletwa kutoka nje na kuuzwa kwa bei kubwa Dar es Salaam. Muuzaji alitupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kisha akamwamkia mama shikamoo. Alishika kichala, akapitisha kidole gumba juu ya tunda moja na kumwonyesha binti yetu ungaunga mweupe ukifutika, akisema kwamba tunda lililochumwa karibuni halijapoteza vumbi lake. Alipopima akaongeza kichala kingine, "hiki cha bibi".

Zabibu hizo ndizo zilizotufunulia kasoro ya kwanza ya gari. Betri ya friji huchajiwa injini ikiwa inawaka, na gari lilikuwa limesimama juani tangu asubuhi, kwa hiyo tulikuta friji imezima, maziwa yameganda na nyama ya kuchoma inatoa maji. Tulipopiga simu tuliambiwa kwamba gari likisimama muda mrefu liwashwe kila baada ya saa chache, maelezo ambayo yalitakiwa kutolewa siku ya makabidhiano. Paneli ndogo ya sola juu ya boneti ingeondoa tatizo hilo, na katika nchi yenye jua kama la Dodoma naona si anasa kuidai.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wakati wa kukodi tulitaja umri wa mama, tukajibiwa kwamba mahema yanafaa kwa kila mtu. Kumbe ngazi ya mahema hayo, ya alumini, imesimama karibu wima, vipande vyake ni vyembamba, na mtu mwenye magoti ya kuuma hawezi kuishuka usiku wa manane kwenda msalani. Mwenyeji wetu alimpa mama chumba, nasi tukakilipia chumba hicho zaidi ya kodi ya gari, ambayo kwa siku tayari ilikaribia bei ya vyumba viwili vya hoteli ya kawaida. Mahema yenyewe hayana lawama: upepo wa Septemba ulivuma usiku kucha na hayakupenyeza vumbi.

Kwa wazazi wenye watoto wanaopanda ngazi bila shida ningeshauri mlikodi, hasa kama mnaendelea hadi Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, urithi wa dunia tangu mwaka 2006, ambako njia za kuifikia zinahitaji gari la juu lenye nguvu. Mkisafiri na mzee, daini hema la chini na kitanda cha kukunja viandikwe kwenye mkataba kabla hamjalipa.