Aliniuzia bakuli, akasema linatosha samaki watatu

Duka silitaji jina. Liko hapa hapa Dodoma mjini, linauza samaki wa mapambo, chakula chao na vifaa vya akwariamu. Nilikwenda miezi kadhaa iliyopita, kipindi kile cha jua kali kabla mvua hazijaanza, nikiwa na binti yangu wa miaka saba. Nilikuwa nimemwahidi samaki wa dhahabu, wale wa rangi ya chungwa, wanene, wenye mkia unaopepea kama khanga kwenye kamba.

Akachagua watatu. Kabla hata hatujalipa walishapata majina: Zabibu, Ubuyu na Karanga. Mimi nikamuuliza muuzaji, na nilimuuliza vizuri tu, wanahitaji tangi la ukubwa gani. Akanishushia bakuli la kioo la mviringo, pana tumboni na jembamba mdomoni. "Dada, hili linatosha kabisa. Hawa wanakua kulingana na chombo. Na kwa mgao huu wa maji, tangi kubwa utalijaza na nini?" Nikamwamini. Mtu anauza samaki kila siku, ningembishia vipi?

Nyumbani nililijaza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa tano na ushee kidogo. Hazifiki lita 8, kwa samaki watatu.

Siku ya pili maji yakawa na ukungu. Siku ya nne wote watatu walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Binti yangu akadhani wanaomba chakula, akawaongezea. Nikampigia simu muuzaji, akasema mwaga maji yote, weka mapya ya bomba. Nikafanya hivyo. Asubuhi Ubuyu alikuwa amelala ubavu, kingo za mapezi zimekuwa nyekundu kama zilizochunwa. Karanga hakufika jioni.

Wale wawili waliokufa niliwafunga kwenye kifuko, nikarudi nao dukani, mtoto mkononi. Sikuenda kudai pesa, nilitaka nielezwe. Yule bwana hakukitazama hata kifuko. Mbele ya wateja akasema, "Dada, hawa ni samaki tu. Dagaa si mnakaanga? Umewalisha sana, nunua wengine." Mtoto akanitazama, kisha akatazama mikono yake, ile iliyokuwa ikiwalisha. Hilo ndilo lililonikaa kooni hadi leo. Alimtwika mtoto wa miaka saba kosa lake yeye.

Kwa sababu kosa lilikuwa lake. Aliyenifungua macho ni babu jirani yangu, anayefuga sato na kambale kwenye mabwawa ya turubai nyuma ya nyumba. Alikuja, tukamwamkia, akachovya vidole kwenye bakuli, akavinusa. "Mwanangu, hawa walikuwa wanaogelea kwenye mkojo wao." Akanieleza taratibu: samaki hutoa amonia, ambayo kwao ni sumu, kwa mashavu na kwa kinyesi, na hawa wa dhahabu wanachafua maji kuliko samaki wengi wa mapambo. Bakteria wa kuila hiyo amonia huchukua wiki kadhaa kujijenga, kwa hiyo chombo kipya hakina msaada wowote. Kikiwa kidogo, sumu inajaa kwa siku moja mbili. Mdomo mwembamba wa bakuli nao unabana hewa, na maji yakipata joto kama letu la Oktoba, oksijeni inapungua zaidi. Yale maji mapya ya bomba yalikuwa na klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, nayo inawaumiza samaki. Yalitakiwa yakae kwenye diaba wazi siku nzima kwanza. Na hilo la kukua kulingana na chombo? Samaki hadumai kwa kuwa amezoea. Anadumaa kwa kuwa maji mabaya yanamuumiza. Hawa wanene hufika sentimita 15 hadi 20. Wale wembamba wa mkia mmoja wanaweza kupita 30.

Kipimo wanachokitumia wafugaji wengi ni kama lita 75 kwa wa kwanza, na 40 hivi kwa kila anayeongezeka. Unazidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, unagawanya kwa 1,000, unapata lita. Fundi vioo wa mtaani alinitengenezea tangi la 90 kwa 40 kwa 40, yaani lita 144. Naomba usiliweke juu ya kabati la televisheni, lita moja ya maji ni kilo moja. Mimi nilichomelewa stendi ya chuma.

Na kuhusu mgao, piga hesabu mwenyewe. Bakuli lile, ili samaki wapumue, ningelibadilisha karibu kila siku: lita 8 mara siku saba ni 56. Tangi langu natoa robo tu kwa wiki, lita 30 na kitu. Bomba likikauka siku tatu, Zabibu hana habari.

Ndiyo, Zabibu yu hai. Alikaa kwenye diaba la babu hadi tangi likawa tayari, na sasa anakaribia urefu wa kiganja changu. Kwa hiyo lazima niseme haki: samaki wa duka lile ni wazima, na bei zao si mbaya. Siku ile ile ya kifuko, kijana msaidizi alitufuata hadi nje, akaninong'oneza, "Dada pole, hao wanataka tangi kubwa. Bosi anataka mabakuli yaishe." Nilikuwa nimepanga kuwaambia msikanyage pale. Nikalainika kwa ajili ya kijana huyu, nikataka kuandika: nendeni, lakini mumuulize yeye.

Sasa juzi nimepita pale. Kijana hayupo. Dirishani mabakuli yamepangwa hadi juu, na ndani ya moja kuna samaki wawili wa chungwa, midomo iko juu ya maji. Msiende.